Kabati Linalokohoa

Katika kisa kilichopita mliniacha nimekalia ndoo katikati ya sebule yangu. Wadai walikuwa wameshapakia makochi, televisheni, meza na mapazia, na mmoja wao alikuwa amerudi kuniomba nisimame kidogo aangalie kama ndoo nayo imo kwenye orodha. Haikuwamo.

Nikakaa tena, nikaapa kwamba sitakopa maisha yangu yote. Leo nawasimulia jinsi nilivyokitimiza kiapo hicho. Msinipigie makofi mapema.

Mke wangu siku ile hakulia. Alifagia alama za miguu ya makochi, akaegemea fagio, akaniangalia. Makochi yale nilikuwa nimemwambia kwamba nimeyalipa yote, tena kwa kuapa.

"Umaskini nitauvumilia, baba watoto," alisema. "Lakini nikikukuta na uongo mwingine, namchukua mama yangu tunaondoka."

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, anaishi nasi. Ana ugonjwa wa sukari na anajichoma sindano kila siku. Mkiona namtaja sana, mjue nina sababu.

Basi nikanunua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika HAJA, upande wa pili HAMU. Kila kitu kabla hakijaingia ndani kilipita kwanza kwenye daftari kujieleza. Unga, mafuta ya kupikia, sabuni, kodi ya nyumba na karo ya watoto walioko bweni vikakaa kwenye haja. Vingine vyote vikaenda hamu, na havikukata rufaa.

Mama mkwe aliponisikia nikisoma orodha aliuliza kama haja ndiyo ile ile anayoijua yeye, maana ile yake iko nyuma ya nyumba, kushoto. Nikamwambia mama, hili ni somo la uchumi. Akasema sawa, mwanangu, lakini nikimaliza somo nimpeleke.

Miaka mitatu sikudaiwa hata kiberiti. Mtaa ukanipa jina, Bwana Sidaiwi. Nikipita wananiamkia kwa jina hilo, na mimi naitika huku nimeinua kidevu kama vile nimelivaa kifuani.

Sasa niwaambie siri ya ufundi wangu. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme. Nina kibanda, nina meza, na mbele kuna bango lililoandikwa kwa mkono wangu. Na katika kazi yetu kuna sheria moja kubwa: kitu kikishatengenezwa, lazima kijaribiwe.

Feni ukiijaribu kibandani kwa dakika kumi hujajaribu kitu. Inaweza kuwa inajikaza tu mbele ya fundi, kama mgonjwa anavyojikaza mbele ya daktari. Feni ijaribiwe nyumbani, usiku kucha, mtu akiwa amelala chini yake. Pasi ijaribiwe kwa shati la Jumapili. Televisheni ya kinyozi nayo ina haki ya kujaribiwa siku ya mechi, maana siku hiyo ndiyo atakayoitumia mwenyewe.

Nyumba yangu ikajaa majaribio. Mteja akija namwambia kifaa bado kidogo, nakiangalia mwenendo. Akikasirika kinarudi kesho yake. Asipokasirika kinabaki mpaka akasirike.

Na dhamiri yangu ilikuwa safi, tena inang'aa. Kukopa sikukopa. Kuazima sikuazima pia, kwa sababu anayeazima huomba kwanza, akakubaliwa. Mimi nilikuwa najaribu.

Kisha ikaja habari ya friji.

Mke wangu alianza taratibu. Alisema chupa za dawa ya mama zinatakiwa kukaa kwenye baridi, na kwa kuwa hatuna friji zinatunzwa zahanati. Mama anatembea kwenda kuzichukua, miguu imevimba, na siku nyingine anakuta pamefungwa. Akaomba tununue friji ndogo, hata iliyotumika.

Nikafungua daftari. Nikafikiri sana, au niseme nilikunja uso kama mtu anayefikiri. Kisha nikaandika FRIJI upande wa hamu. Nikamwambia babu zetu waliishi bila friji.

"Na walikufa na sukari bila kujua," alijibu, akarudi kuosha vyombo.

Usiku huo nililala bila feni, wenyewe walikuja kuichukua. Nikawaza miguu ya mama mkwe. Niliona aibu, nawaambia kweli. Lakini daftari lilikuwa limeshaandikwa kwa kalamu ya wino.

Wiki tatu baadaye mkokoteni ulisimama mbele ya kibanda changu ukiwa na friji nyeupe, ndogo, safi. Ilikuwa ya mama mmoja anayeuza juisi na maji ya baridi kwenye lango la shule. Watoto wanamwita Mama Baridi. Friji hiyo ndiyo duka lake, ndiyo mume wake, kama anavyosema mwenyewe, isipokuwa hii hurudi nyumbani.

Ugonjwa wake ulikuwa waya mmoja ulioungua. Nilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nikaiwasha, ikakohoa mara mbili, kho, kho, kisha ikanguruma vizuri. Kikohozi kile ni tabia yake tu tangu zamani. Mama Baridi hakuwa amekilalamikia, na fundi hutibu alichoitiwa.

Nikaipeleka nyumbani kuijaribu. Usiku mmoja tu, wallahi.

Mke wangu alipoiona alisimama mlangoni na mkono mdomoni. Kabla sijafungua kinywa akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimeinunua. Sauti ile ilikuwa na heshima ambayo sikuwa nimeisikia tangu makochi yaondoke. Nikajikuta nasema ndiyo. Nikaongeza kwamba nimelipa taslimu kwa mtu anayehama, maana uongo ukiachwa peke yake hupata baridi.

Mama mkwe alikuja akishika ukuta, akazipanga chupa zake ndani moja moja. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, akaniombea. Mke wangu akanipikia siku hiyo kama mgeni.

Ningeirudisha vipi?

Mama Baridi alipokuja nikamwambia ni kompresa, ule moyo wa friji. Kompresa haipatikani nchini, imeagizwa, iko njiani. Akaja wiki ya pili, nikamwambia imefika bandarini. Wiki ya nne nikamwambia imefika, lakini ni ya mkono wa kushoto. Hakunifokea hata siku moja. Kila akija ananiletea juisi ya vuguvugu, na anaomba radhi kwa kuwa haina baridi.

Nilikuwa namsamehe.

Miezi mitano ikapita hivyo. Watoto wa shule, ambao hawana dini, wakaanza kumwita Mama Vuguvugu.

Wakati huohuo sifa zangu zilikuwa zinapanda. Chama cha mtaa kiliandaa mkutano juu ya kuishi bila madeni, kwenye darasa la shule. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mkuu mstaafu, alinifuata mwenyewe kibandani akaniomba niwe mzungumzaji. Alisema watu wamechoka na nadharia, wanataka kumwona mtu mwenye nyama na mifupa asiyedaiwa.

Nilivaa shati la mikono mirefu. Pasi ilikuwa ya mshonaji, chini ya majaribio.

Nilizungumza vizuri, hilo hata adui zangu hawalikatai. Nikawaambia kukopa harusi, kulipa matanga. Nikawaonyesha daftari. Nikawaambia haja hubisha hodi mara moja ikangoja, lakini hamu huhamia na virago vyake. Sijui niliitoa wapi, ila watu waliiandika.

Yakaja maswali. Nyuma kabisa akasimama Mama Baridi.

"Mimi langu dogo, Fundi," alisema. "Friji ni haja au ni hamu?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Akaeleza kwamba friji yake iko kwa fundi, hamtaji jina, ni mtu mwema na anahangaika sana kutafuta kompresa. Alinitazama bila hila yoyote, na hapo ndipo jasho liliponianza. Akasema watoto hawanunui juisi ya moto, kwa hiyo amekuwa akinunua barafu kila siku kwa fedha za mkopo. Mkopo ameshindwa kuurejesha. Jumatatu wakopeshaji wanataka mdhamini, la sivyo wanachukua kibanda chake. Akauliza akope tena anunue friji nyingine, au aendelee kumngoja fundi wake.

Nilikuwa na nafasi. Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja tu.

"Subira huvuta heri," nikasema. "Usikope. Na friji, tukisema kweli, ni hamu."

Wakapiga makofi. Mama Baridi alitoa kijitabu kwenye mkoba wake, akaandika nilichosema.

Mwenyekiti akasimama akiwa amesisimka. Akatangaza kwamba kusikia hakutoshi, Jumamosi mchana wajumbe watakuja kuitembelea nyumba isiyo na deni waione kwa macho.

Ijumaa nzima nilisukuma mkokoteni. Watu saba walipata vifaa vyao siku moja, wakanisifu kwa kasi ya kazi yangu. Kinyozi alipokea televisheni yake akasema imekuwa safi kuliko ilivyokuja. Ikabaki friji.

Nilimwambia mke wangu naipeleka kibandani nikaisafishe. Akauliza dawa ya mama itakaa wapi. Nikasema kwenye mtungi, kwa siku mbili tu. Mama mkwe aliburuta kigoda chake, akakiweka mbele ya mlango wa friji, akakaa, akaanza kuchambua mchele.

Nikajaribu kusema tuichomoe basi wakati wa wageni, saa mbili tu.

"Waya huo ukichomoka," mke wangu alisema, "na mimi nachomoka."

Basi nikabuni njia ya tatu. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyesema hadharani friji ni hamu, kwa hiyo wageni wasiione. Hilo lilimchekesha, akanipa kitambaa chake cha meza. Tukaifunika friji mpaka chini. Juu yake nikaweka picha yetu ya harusi na glasi yenye maua mawili. Ikawa kabati, na kusema kweli lilikuwa kabati zuri.

Nilikuwa na tumaini moja. Jumamosi Mama Baridi huenda soko la matunda, hivyo asingekuja.

Alikuja wa kwanza. Alibeba jagi la juisi kwa ajili ya wageni wote, na kabla hajakaa aliomba radhi kwamba haina baridi.

Wakaingia Mwenyekiti, Katibu na wajumbe wengine sita, wakakaa kwenye mkeka na mabenchi. Mwenyekiti alizungusha macho kwenye ukuta mtupu akasema ameguswa. Katibu, karani mstaafu ambaye anaandika hata anayoyasikia kwa jirani, aliandika: hakuna feni, hakuna televisheni. Mwenyekiti akauliza habari za kabati. Nikasema ni la urithi.

Kabati likakohoa. Kho, kho.

Mwenyekiti akamgeukia mama mkwe kwa huruma. "Pole, mama."

"Mimi sijakohoa, baba," alijibu mama mkwe. "Mwenye kikohozi ni huyo."

Na akaonyesha kwa kidole, asiye na hatia yule, wakati huo kabati limeshaanza kunguruma.

Nilimtazama Mama Baridi. Alikuwa amekishika kikombe karibu na mdomo na hakunywa. Watu wengine walisikia kikohozi, yeye alisikia jina lake linaitwa. Akakiweka kikombe chini. Akainuka, akaja akapita mbele yangu, akaondoa picha ya harusi na maua, akaviweka kwa adabu juu ya benchi. Kisha akakifunua kitambaa polepole, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Alifungua mlango. Mke wangu alikuwa ameshasogea karibu akiwa na sinia la vikombe.

"Kwa hiyo kompresa imefika," Mama Baridi alisema. Alisema chini chini, tulisikia watatu tu.

"Kompresa ipi?" mke wangu akauliza.

Fundi mzima, mwenye majibu ya bandarini na majibu ya mkono wa kushoto, nilikauka.

Mama Baridi hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akizitazama chupa ndogo zilizopangwa kwenye safu ya juu, mahali ambapo zamani alipanga juisi ya embe. Aliishika moja, akasoma maandishi, akairudisha palepale ilipokuwa.

"Dawa zangu hizo, mwanangu," mama mkwe alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Mkwe wangu ndiye aliyeniokoa. Funga mlango, baridi isitoke."

Mama Baridi akaufunga. Aliusukuma kwa kiganja mpaka ukashika, kama mtu anayejua mlango ule unahitaji kusukumwa wapi.

Nilingoja matusi. Naapa niliyataka. Katibu alikuwa ameinua kalamu. Mwenyekiti akauliza kulikoni, mbona Bwana Sidaiwi ana friji.

Mama Baridi akageuka, akatabasamu kwa wajumbe.

"Ni yangu hiyo," akasema. "Nimemuazima Fundi, kwa ajili ya dawa za mama."

Wakapiga makofi, sasa kwa ajili yake. Mwenyekiti alifuta jicho, akasema huo ndio ujirani, mtu anauza juisi ya moto ili mgonjwa apate dawa ya baridi. Katibu aliandika lote.

Miaka mitatu nilikuwa nimelikwepa neno hilo. Sasa nimeazimwa, mbele ya mashahidi, na kuazima kuna kurudisha. Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu yangu ni ya saruji, nimeilipia.

Mke wangu alikuwa bado amesimama na sinia. Aliyejua kwamba friji ile ilinunuliwa taslimu kwa mtu anayehama alikuwa yeye peke yake.

"Nijibu moja tu, baba watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Uliinunua, au ulikuwa unaijaribu?"

Nikaitazama picha ya harusi pale kwenye benchi.

Aliweka sinia juu ya friji kwa utulivu, akaingia chumbani. Baada ya muda kidogo nikasikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni. Mama mkwe naye alilisikia, akaacha kuchambua mchele.

Nikataka kumfuata, lakini Mama Baridi alikuwa hajamaliza. Alikuwa ameingiza mkono kwenye mkoba wake.

"Na Fundi naye ni muungwana," aliwaambia wajumbe. "Amesema kwa kuwa nimemsitiri kwa friji, yeye atanidhamini kwenye ule mkopo. Mwenyewe ndiye aliyeniambia niilete karatasi hapa mbele yenu, ili pawe na mashahidi."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya kitambaa cha meza. Sehemu zote zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko safi, hata jina langu kama MDHAMINI, isipokuwa moja, pa kuweka saini yangu. Palikuwa na tarehe hapo, na tarehe ilikuwa ya siku ya mkutano. Huyu mama niliyekuwa namsamehe, niliyedhani anaandika mawaidha yangu nyuma ya darasa, alikuwa ameshajua tangu siku ile.

Alinisogelea kunipa karatasi, na karibu na sikio langu akasema neno moja kwa upole uleule wa juisi.

"Au niwaeleze?"

Nikisaini, Bwana Sidaiwi atakuwa anadaiwa deni ambalo hata hakulila. Nisiposaini, ataeleza, na friji itatoka sasa hivi na chupa za mama mkwe zikiwa mkononi mwa mke wangu mlangoni. Nikisaini pia sanduku litatoka, kwa sababu aliyeko chumbani hangoji saini, anangoja neno la kweli.

Sanduku likafungwa. Nilisikia kufuli zake zote mbili.

Wajumbe walikuwa wananitazama kwa mapenzi. Nikapapasa mfuko wa shati, nikapapasa wa suruali, nikafurahi kama mtoto.

"Samahanini," nikasema. "Sina kalamu."

Katibu aliacha kuandika. Alifuta yake kwa kidole, akaninyooshea.

"Chukua, Fundi," akasema. "Nakuazima tu. Utanirudishia."